Hakuna Swali

Jumapili, 3 Februari

Mdogo wangu profesa,

Haya, barua uliyoitaka ndiyo hii. Ulisema kwenye simu nakuchekesha mpaka salio linakata kabla hatujasema la maana, basi tuone kama kwenye karatasi la maana litatoka. Mwandiko usiucheke. Mwalimu wangu wa darasa la nne alisema naandika kama kuku aliyekanyaga wino, na la tano sikulifikia, kwa hiyo kuku ni yule yule, kazeeka tu.

Sisi wazima. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, ila akisikia jirani kaja na umbea yanapona. Biashara inakwenda. Jua likiwaka nauza miwani, wingu likitanda nauza miavuli. Juzi jua na mvua vikaja pamoja, nikabaki katikati ya soko sijui nipige kelele ipi. Fundi Saa, jirani yangu wa meza ya kushoto, akasema, "Muuzie mtu mmoja vyote viwili, mwambie ni seti." Nimeuza seti, mdogo wangu! Watu wanapenda neno seti.

Sasa nieleze. Mama anasema umechaguliwa kwenye mpango fulani, unasoma hesabu na mtu mkubwa, ninyi wawili tu, hakuna darasa, hakuna mtihani. Mimi nikasema hiyo si shule, hiyo ni posa. Huyo mtu ni nani? Ana adabu? Mnasoma nini? Soko zima linasubiri, maana nimeshawaambia kichwa chako ni mashine, kinataka mafuta tu.

Kaka yako,
Mzee wa Seti


Jumamosi, 9 Februari

Kaka,

Shikamoo. Nimecheka mpaka mwenzangu wa chumbani akauliza kama ni barua ya mchumba.

Si posa. Kwanza ni mwanamke. Ni mwanafunzi kama mimi, ila yeye yuko kwenye shahada ya uzamivu, ile ya mwisho kabisa. Mpango wenyewe ni hivi: sisi wadogo tunaotaka, kila mmoja anapewa mlezi kutoka kwa hao wakubwa. Mnachagua kitabu ambacho hakifundishwi darasani. Unakisoma mwenyewe, halafu kila Jumatano unakaa na mlezi wako, unamweleza ulichosoma na kumuuliza ulipokwama. Mwisho wa muhula unasimama mbele ya idara nzima kueleza ulichojifunza.

Wangu tunamwita Dada Chaki, kwa sababu anafuta ubao kwa mkono wa sweta. Chumba chake kiko ghorofa ya juu. Dirisha halifungi, na meza ina mguu mfupi uliowekewa kamusi chini.

Tunasoma mafundo. Ndiyo, ya kamba. Kuna watu wazima kabisa wanaamka asubuhi kwa kazi hiyo. Nimekuchorea moja hapo chini. Lifunge, halafu jaribu kulifungua bila kukata kamba. Kitabu kinasema haiwezekani.

Tunakwenda vizuri sana. Kila Jumatano ananiuliza, "Una swali?" Nasema, "Hakuna swali, dada." Anatabasamu, tunasonga.

Mbusu Mama magoti yote mawili.

Mdogo wako


Jumapili, 17 Februari

Mdogo wangu,

Niletee zawadi. Nimelifungua.

Nililifunga mbele ya mashahidi, kwa kamba ya kufungia mzigo. Fundi Saa akavaa ile miwani yake ya kukuza, akakagua akilinganisha na mchoro wako, akasema ndilo. Nikashika ncha moja, nikaipitisha kwenye tundu, nikavuta. Kwisha! Kamba imenyooka kama mtu anayedaiwa akikutana na mdai kanisani.

Sasa hicho kitabu kinauzwa kwa watu? Mwambie Dada Chaki aniite nije nikisahihishe. Chai tu inatosha.

Kaka yako,
Mshindi


Alhamisi, 21 Februari

Kaka,

Shikamoo Mshindi. Kosa ni langu, nilisahau kukwambia jambo kubwa kuliko yote. Kwenye hesabu kamba haina ncha. Ukishafunga fundo, ncha mbili unaziunganisha, kamba inakuwa duara lililojisokota. Hapo ndipo unajaribu kulifungua. Kama ncha ziko huru, kila fundo linafunguka, hata la viatu vyako.

Jaribu tena. Sasa hivi nina kazi nyingi, tumefika mbali. Hakuna swali bado.

Mdogo wako


Jumapili, 3 Machi

Mdogo wangu,

Umenitia aibu, lakini nimejaribu tena. Safari hii nilichukua kamba ya nailoni, nikachoma ncha kwa kiberiti zikashikana. Nimevuta. Fundi Saa kavuta. Mama kavuta huku anaangalia pembeni, anasema vitu hivi havitaki kutazamwa machoni. Mteja mmoja alikuja kununua mwavuli akakaa mpaka mvua ikaisha, akaondoka bila mwavuli. Fundo lako linanikosesha riziki.

Fundi Saa ana swali, na langu ni lile lile. Hicho kitabu kimejuaje kwamba halifunguki? Labda sisi ni wavivu. Labda yuko mtu mahali fulani, ana vidole vizuri, akikaa nalo mwaka mzima linafunguka. Nani amejaribu njia zote?

Tujibu haraka, maana tumekorofishana.

Kaka yako,
Mzee wa Nailoni


Alhamisi, 14 Machi

Kaka,

Shikamoo. Nilianza barua hii mara nyingi nikiichana.

Swali lenu sijui jibu lake. Liko sura ya pili. Kitabu kinasema unapaka vipande vya kamba rangi tatu, kwa sheria fulani, na hizo rangi ndizo zinazothibitisha. Nimesoma kurasa zile mpaka zimelegea. Naona maneno, ila sioni kwa nini. Na sisi tuliivuka sura ya pili zamani, tuko ya sita. Kila Jumatano nakariri ukurasa kama shairi, Dada Chaki anauliza kama nina swali, nasema hakuna.

Mwaka wa kwanza niliuliza swali ukumbini. Watu walicheka, na mhadhiri naye akacheka. Tangu siku hiyo mdomo wangu haufunguki.

Sasa nadhani ameshagundua. Wiki iliyopita alikifunga kitabu chetu, akatoa kingine, kinene, maandishi ya sisimizi. Akasema, "Kuanzia leo tunasoma hiki." Na alikuwa anatabasamu! Kaka, hiyo ni adhabu. Ananisubiri nianguke mwenyewe.

Kuhama kozi kunafungwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu. Nataka nijitoe kwenye mpango, nihame hesabu kabisa, niende uhasibu. Usimwambie Mama.

Mdogo wako


Jumatatu, 18 Machi

Kwa Dada wa Sweta la Chaki,
Idara ya Hesabu, Ghorofa ya Juu, Dirisha Lisilofunga

Shikamoo. Umri wako siujui, kama we ni mdogo kwangu basi iweke, utanirudishia.

Mimi ni kaka wa yule binti wa mafundo. Kazi yangu miwani na miavuli. Nimekuja kuomba msamaha kwa niaba yake, ingawa hajanituma, na akijua atanimeza mzima.

Nasikia umempa kitabu kinene kwa kumwadhibu. Dada, kama kosa lake ni kusema hana swali, nakuhakikishia maswali anayo. Alipokuwa mdogo alikuwa anatuuliza mpaka Mama anajifanya amelala. Amekwama tangu sura ya pili. Huko kwenu waliwahi kumcheka, ndiyo maana anakaa kimya. Ukimya wake si jeuri, ni hofu.

Mrudishie kile kitabu chembamba. Mwezi huu ukiisha atakuwa mhasibu, na mimi sina ubaya na wahasibu, ila huyu hata kwenye barua namsikia anavyotabasamu akiandika habari za kamba. Hajawahi kutabasamu hivyo kwa kitu kingine, hata kwangu, na mimi nachekesha.

Kwa heshima,
Kaka mtu


Ijumaa, 22 Machi

Kaka,

Marahaba siitikii. Mimi ni mdogo kwako, shikamoo.

Barua yako ilizunguka jengo zima. Mzee wa mapokezi aliisoma bahasha kwa sauti, na kila aliyesikia neno chaki akaninyooshea kidole. Hata dirisha lenyewe sasa limekuwa maarufu.

Adhabu? Kaka, kile kitabu kinene nilikwenda kumlilia msimamizi wangu aniazime. Kwangu ilikuwa zawadi. Kila Jumanne nilikuwa najiandaa kwa maswali atakayoniuliza, najaza karatasi. Jumatano inafika, anaeleza ukurasa bila kukosea neno, namuuliza una swali, anasema hakuna. Nikajiambia, huyu binti ananipita, mimi ndiye namchelewesha. Nikamtafutia kigumu zaidi asichoke nami. Nilipotabasamu nilikuwa najivunia mwanafunzi wangu.

Ni mara yangu ya kwanza kumlea mtu. Kumbe nilikuwa namkimbiza mtu aliyeumia mguu.

Na mimi nimemficha jambo. Kwenye kazi yangu nimekwama mstari mmoja tangu mwaka jana. Mstari mmoja. Sikumwambia kwa sababu niliogopa atamdharau mlezi wa aina hiyo. Sasa naona ningemwambia siku ya kwanza.

Nitamwambia kuwa umeniandikia, sitaki kuanza upya kwa kumficha. Atakukasirikia. Jikaze.

Wako,
Mlezi wa mdogo wako


Jumatano, 27 Machi

Kaka,

Sijakuamkia, na nimefanya makusudi.

Nani alikutuma? Nilikwambia wewe, sikuiambia idara! Nimefungua mlango leo nimemkuta Dada Chaki ana barua yako mkononi. Nilitamani lile dirisha liwe mlango nipite.

Na nikwambie jambo. Sikunyamaza kwa sababu ya waliocheka peke yao. Na wewe umo. Kichwa chake mashine, kichwa chake mashine. Nikija likizo siwezi kupita sokoni bila mtu kunisimamisha anitajie namba nizidishe. Mashine haiulizi, kaka. Mashine ikikwama inapelekwa kwa fundi au inatupwa. Sasa mimi nikikwama niende wapi? Nirudi kwenu niseme nini?

Haya. Nimeshasema.

Alinikalisha, akanionyesha mstari wake aliokwama. Ameuandika kwenye karatasi akaubandika ukutani juu ya meza, na mimi siku zote nilidhani ni kitu anachokipenda. Kile kitabu kinene akakiweka chini ya mguu wa meza, kamusi ikapata likizo. Tukarudi ukurasa wa kwanza. Nikauliza swali. La kijinga kabisa, la rangi. Akaanza kunieleza, akajaza ubao, akasimama, akafuta kwa mkono, akasema, "Ngoja kwanza. Hebu. Kwani ni kwa nini?" Tukaanza kutafuta wote wawili. Mlinzi alikuja kufunga jengo akatukuta tumekaa sakafuni na kamba ya pazia.

Hatujapata. Kuhama kunafungwa keshokutwa na sijaamua. Bado nimekasirika. Usinijibu kwa utani.

Mdogo wako


Jumapili, 31 Machi

Mdogo wangu,

Sitanii. Nimeandika hivyo juu kabisa ili nijikumbushe.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Kuhusu kumwandikia dada wa watu, nisamehe, ingawa nikiona unazama sijui kama nitakumbuka kuomba ruhusa ya kukuvuta. Kuhusu mashine, hilo sikulijua. Nilidhani nakubeba, kumbe nimekupandia mgongoni.

Jana nilimwambia Fundi Saa, "Mdogo wangu amekwama sura ya pili." Akaweka kibano chini. "Yule? Amekwama wapi?" Nikasema sijui, mahali pa rangi. Akavua miwani, akasema, "Kumbe ni mtu." Habari zimezunguka. Leo asubuhi mama wa vitambaa hakunisalimia, ameanza na, "Amekwamuka?" Nikamjibu, "Bado! Amekwama mahali ambapo sisi hata nauli ya kufika hatuna." Naona majivuno hayajaniisha, yamehama meza tu. Nivumilie hapo.

Ijumaa imepita. Sikuulizi umeamua nini. Nakuuliza umeamkaje.

Kaka yako


Jumamosi, 11 Mei

Kaka,

Shikamoo.

Najua nimekaa kimya. Safari hii nilikuwa na kazi kweli. Nimebaki kwenye hesabu. Ijumaa ile nilifika mpaka mlango wa ofisi ya kuhama kozi, nikakuta foleni, na nikiwa kwenye foleni nikaanza kuchora fundo kwenye kiganja changu. Nikajicheka, nikatoka.

Waambie sokoni nimekwamuka. Ilinijia nikiwa nafua. Sikiliza. Pale kamba inapopita juu yake yenyewe, panakutana vipande vitatu, kimoja cha juu na viwili vya chini. Sheria ni kwamba rangi za vipande hivyo ama ziwe tatu tofauti, ama ziwe moja tupu. Sasa vuta kamba, isokote, ipitishe juu yake yenyewe. Kila ukifanya hivyo, unaweza kurekebisha rangi hapo hapo na sheria isivunjike, wala rangi tatu zisipotee. Lile fundo lako la nailoni linakubali rangi zote tatu. Duara tupu halina mahali pa kukutana, ni kipande kimoja, kinakubali rangi moja basi. Kama fundo lingeweza kufunguka likawa duara, rangi tatu zingekwenda wapi? Kwa hiyo mwenye vidole vizuri asihangaike, hata akikaa nalo mpaka apate vitukuu.

Nilipomweleza Dada Chaki alipiga kelele, akanikumbatia, nikarudi bwenini nimejaa chaki mgongoni.

Nitasimama mbele ya idara Ijumaa ya tarehe ishirini na nne. Mama aje. Kaka, wewe naomba usije. Utapiga makofi kabla sijafungua mdomo, na mimi nikikuona nitacheka, nikicheka nimekwisha. Mwakani utakuja. Usinune.

Mdogo wako


Jumapili, 26 Mei

Mdogo wangu,

Sikununa. Ijumaa nilikaa kwenye meza yangu kama mtu anayesubiri nje ya chumba cha kujifungulia. Fundi Saa alikuwa ananitajia saa bila kuulizwa.

Mama amerudi, na hali si nzuri. Ngoja nikuandikie alivyosema, neno kwa neno:

"Alisimama vizuri, kapendeza, ubao kaujaza rangi. Watu wakapiga makofi. Halafu kuna mzee wa mbele, ana kitambi na kalamu, akamuuliza kitu. Mtoto akafikiri, akafikiri, akasema, 'Sijui.' Mbele za watu! Na yule mzee akacheka. Mkoba wangu ulikuwa mkononi, Mungu ndiye aliyeushika."

Nikamuuliza, "Wewe ulisema naye baadaye?" Akasema ulikuwa umezungukwa na watu, akaona aibu kukusogelea, akawahi basi. Tangu jana anapika bila kuimba. Kaniambia tusikuulize, halafu yeye ananiuliza mimi kila nikipita mlangoni.

Basi nauliza kwa niaba ya jikoni. Wamekuvunja moyo tena? Sema. Barua siandiki safari hii, nakuja mwenyewe, na miavuli ninayo ya kutosha idara nzima.

Kaka yako,
Niliye Macho


Jumatano, 29 Mei

Kaka,

Shikamoo. Weka miavuli chini! Mwambie Mama aimbe.

Yule mzee ni msimamizi wa Dada Chaki. Aliniuliza hivi: kila fundo ukilichora, unahesabu mahali kamba inapopita juu yake yenyewe, unatafuta mchoro wenye mahali pachache kabisa. Lile la kwako lina mahali patatu. Sasa ukichukua mafundo mawili ukayaunganisha kwenye kamba moja, je, idadi ni ya kwanza kujumlisha ya pili? Au kuna ujanja wa kuyachora pamoja ikapungua?

Nilisimama pale, kaka. Nikasikia ule ukumbi wa mwaka wa kwanza masikioni. Mkono wangu ukaanza kuandika chochote ubaoni ili mradi niandike. Nikaushusha. Nikasema, "Sijui." Na mdomo ukaendelea wenyewe, nikasema, "Nimejaribu kuwaza, na sioni kinachozuia ujanja huo. Sijui."

Ndipo akacheka. Akasema, "Asante. Hata mimi sijui. Imethibitishwa kwa mafundo ya aina fulani tu. Kwa mafundo yote hakuna mtu duniani anayejua, nilitaka kuona kama utanidanganya." Ukumbi wote ukacheka, na mimi nikiwemo. Mama hakusikia mwisho kwa sababu nadhani alishaanza kumtafutia shabaha.

Baada ya hapo watu walinizunguka kwa ajili ya lile swali. Muhula ujao mimi na Dada Chaki tutasoma habari zake. Na kuna binti wa mwaka wa kwanza, mkimya, kanifuata mlangoni akaniuliza kama anaweza kuja kukaa nasi kusikiliza tu. Nikamwambia kusikiliza tu hairuhusiwi.

Mdogo wako


Jumapili, 2 Juni

Mdogo wangu,

Mama anaimba. Ameimba mpaka jirani amegonga ukuta. Kisha akanituma niulize kama yule mzee ana mke, maana anataka kumpelekea salamu za kuomba radhi kwa jambo ambalo mwenyewe hajui kwamba lilitaka kumpata.

Barua yako nimewasomea sokoni. Kila mtu kafurahi, mama wa vitambaa kapiga vigelegele, Fundi Saa akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Na mimi nikatikisa. Nilipofika nyumbani nikajiuliza nilikuwa natikisa nini.

Sijaelewa, mdogo wangu. Kujumlisha ndicho kitu pekee nilichotoka nacho darasa la nne, tatu na tatu ni sita, nimeishi kwa hiyo. Sasa unaniambia kuna mahali watu wazima wenye kalamu hawajui kama inajumlika. Na unasema utasoma habari za kitu ambacho hakuna anayekijua. Mtu anakisomaje? Kimeandikwa na nani?

Nina maswali mengine mawili baada ya hayo, ila nijibu haya kwanza. Anza mwanzo kabisa, taratibu, na ukiona natikisa kichwa usinisadiki.

Kaka yako